Chembe Mia Tano za Bosi

Simu ilimkuta Bi Vioo amesimama mbele ya kabati la vyombo, akilipanga upya kwa mara ya tatu wiki ile. Sahani zilikuwa zimekaa kwa ukubwa, vikombe vimejipanga kama askari wa gwaride, na bado ilikuwa ndiyo kwanza saa mbili na robo asubuhi. Miezi saba ilikuwa imepita tangu astaafu, na hakuna hata siku moja kati ya hizo iliyokuwa fupi.

"Mama, uko wapi?" Alikuwa bintiye.

"Niwe wapi mimi? Niko kwangu, nagombana na masufuria."

"Achana nayo. Nayahitaji macho yako. Leo, sasa hivi."

Jina la Bi Vioo alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa kwenye maabara ya damu ya hospitali kubwa ya watu, na hakuna aliyewahi kumwona kwenye korido bila trei ya vile vioo vyembamba vya hadubini. Wenzake walipima sukari na malaria. Yeye alipewa uboho, ule ute mwekundu wa ndani ya mifupa ambamo damu yote ya mwili huzaliwa. Madaktari bingwa, wale ambao kwao salamu ni kazi ya ziada, walikuwa wakija wenyewe hadi kwenye stuli yake na kusubiri kimya mpaka anyanyue kichwa. Akisema ni saratani, ilikuwa saratani. Akisema "huyu atapona", watu walikumbatiana ukumbini.

Bintiye naye alikuwa daktari, ila wa wanyama, na hapo ndipo mama alipokuwa na dukuduku lake. "Nilimsomesha awe daktari," alizoea kuwaambia wageni, "akaenda kuwa daktari wa paka." Wageni walicheka, binti alicheka, yeye hakucheka. Katika miaka minne ya ile kliniki aliingia mara moja tu, siku ya kufunguliwa, akaishia mlangoni.

"Macho yangu ya nini?" aliuliza.

"Ya uboho. Nina mgonjwa damu yake imeisha na haitengenezi nyingine. Nikipeleka kipimo kule maabara kuu, majibu ni wiki tatu. Huyu hana wiki tatu, Mama. Sidhani kama ana siku tano."

"Huyu nani?"

"Bosi."

"Bosi wa wapi?"

"Bosi ni mbwa, Mama."

Bi Vioo alitazama vikombe vyake. Alitaka kusema jambo la kuudhi, na lilikuwa tayari mdomoni, lakini mwili wake ulikuwa umeshatangulia: mkono mmoja umefungua droo ya kabati la chumbani, unatafuta.

"Mwanangu, sijawahi kusoma uboho wa mbwa maisha yangu yote."

"Mimi nina kitabu chenye picha. Wewe una macho. Tukiunganisha tunapata mtu mmoja kamili."

Alichokuwa akikitafuta kilikuwa chini ya vitambaa vya meza: kihesabio chake cha kuhesabia chembe, cha chuma, chenye vitufe vinane, kila kitufe kimelika kwa kidole chake mwenyewe. Akabonyeza kimoja. Kikalia *tiki*. Moyo wake ukaruka kama wa msichana.

"Weka maji ya moto," akasema. "Na hiyo rangi yako ya kupakia vioo, kama ni ya mwaka juzi imwage kabisa, utengeneze mpya. Nakuja."

*

Kliniki ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele kilikuwa na benchi na mzani wa sakafuni. Cha kati ndicho cha upasuaji, meza ya chuma na taa moja kubwa. Cha nyuma kilikuwa maabara, kama mtu ana moyo wa kukiita hivyo, maana kilitosha sinki, rafu, hadubini na watu wawili wasio wanene.

Kwenye benchi alikaa mwanamume wa makamo aliyevaa ovaroli ya bluu, bisibisi mbili zikichungulia mfukoni. Alikuwa fundi friji. Miguuni pake, juu ya blanketi lililokunjwa mara mbili, alilala mbwa jike wa rangi ya kahawia, masikio makubwa, mbavu zinahesabika.

"Shikamoo mama," fundi alisimama. "Ndiye wewe mtaalamu?"

"Marahaba baba. Ndiye huyu Bosi?"

"Ndiye yeye. Ananisimamia kazi miaka mitano sasa. Nikifungua friji la mtu, anakaa pembeni ananiangalia, hata skrubu ikidondoka anajua imeenda wapi." Akacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. "Sasa mwezi mzima hasimami. Kwanza nilidhani uvivu. Halafu asubuhi moja namfungua mdomo, fizi nyeupe. Nyeupe kama karatasi, mama."

Bi Vioo, ambaye mbwa kwake ni kitu cha nje ya geti, alijikuta amechuchumaa. Akainua mdomo wa juu wa yule mnyama kwa kidole kimoja. Aliwahi kuona fizi za namna ile kwa watoto wa wadi namba sita. Bosi alimtazama tu bila hata kusogeza mkia.

Bintiye alitokea na koti lake la kijani, nywele amezifunga kitambaa. Alieleza haraka haraka, kama zamani madaktari walivyokuwa wakimweleza pale kwenye stuli. Damu nyekundu ilikuwa imeshuka hadi robo ya inavyotakiwa. Chembe nyeupe ziko sawa, zile za kugandisha damu ziko sawa. Magonjwa ya kupe amepima, hakuna. Minyoo hakuna, havuji damu popote. Na katika damu yote ile hakuna hata chembe changa moja ya nyekundu.

"Kiwanda hakitoi mzigo," Bi Vioo akasema.

"Ndiyo. Sasa ama kiwanda kimekufa, kimekauka kabisa. Ama kimevamiwa na saratani ya damu. Ama..." Alisita. "Ama mwili wake mwenyewe unazila chembe changa kabla hazijatoka. Hilo la tatu lina dawa. Lakini dawa hiyohiyo nikimpa na kumbe ni saratani, nitaficha dalili tu, na nafasi ya kujua nitakuwa nimeiua. Lazima niingie ndani nione."

"Daktari wa kwanza alisema nimlaze tu moja kwa moja," fundi alidakia. "Achomwe ile sindano ya kulala, asiteseke. Nikamwambia, dakta, mimi watu wananiletea friji wanasema limekufa. Sijawahi kukubali kabla sijafungua nyuma. Mara nyingine ni waya tu."

Bi Vioo alimtazama yule mtu, akampenda palepale.

Jana yake, akaendelea binti, walikuwa wamemwongezea Bosi damu kutoka kwa dume la mbwa la muuza nyama wa jirani, kilo arobaini, lililotoa damu yake huku likilamba sahani. Bila hivyo asingestahimili nusukaputi. Damu ile ilimnunulia siku chache tu.

"Basi tunakaa tunaongea nini?" Bi Vioo akasema, akaanza kukunja mikono ya blauzi.

*

Nesi wa kliniki, baba mzima mwenye mabega ya mbeba mizigo na sauti ya kunong'ona, alimlaza Bosi ubavu, akamwekea mpira wa pumzi kooni, akakaa kichwani pake akihesabu mapigo. Manyoya ya nyongani yalinyolewa, pakasuguliwa dawa mara tatu. Binti akachoma ganzi ya ziada mpaka kwenye ngozi ya mfupa, maana mfupa hausikii sana ila ngozi yake inasikia vibaya.

Pembeni, kwenye meza ndogo, Bi Vioo alikuwa amepanga vioo kumi na sita kwa mshazari, vikiegemea ukingo wa trei, na sahani ndogo ya kioo yenye matone ya dawa ya kuzuia kuganda. Alivifuta kimoja kimoja, ingawa vilikuwa safi. Kila anayefanya kazi hii anajua: uboho ukishatoka, una nusu dakika, ukibahatika dakika nzima. Baada ya hapo unaganda, na ukiganda umepoteza kila kitu.

"Umeshafanya hii mara ngapi?" aliuliza, kwa sauti ya kawaida tu.

"Mara mbili. Chuoni."

"Kwa mbwa walio hai?"

"Mama."

"Nauliza tu."

Binti alikata ngozi kidogo, upana wa ukucha, akaingiza sindano ya uboho. Haikuwa kama sindano nyingine: fupi, nene, ina kishikio kama cha kizibuo, na ndani yake kuna kijiti cha chuma kinachoziba tundu. Akaiegemeza kwenye mfupa, akaanza kuizungusha, kulia, kushoto, akikandamiza kwa kiganja. Jasho jembamba lilimtoka juu ya mdomo. Kisha mkono ukatulia. Sindano ilisimama yenyewe kwenye mfupa kama msumari uliokolea.

"Imeingia." Akachomoa kijiti, akafunga bomba, akavuta kwa nguvu. Tone jekundu likaingia. Akakimbiza bomba kwa mama yake.

Bi Vioo alidondosha kwenye kioo cha kwanza, akakiinamisha. Damu ikateremka yote hadi chini, laini, bila kuacha kitu nyuma. Akajaribu cha pili. Vilevile.

"Hii damu tupu," akasema. "Hakuna hata kipunje."

"Una hakika?"

"Mwanangu, uboho una vipunje. Vinang'aa, kama mafuta ya supu. Hii ni damu ya kawaida imejiingilia. Vuta tena."

Akavuta tena. Safari hii hakikutoka kitu. Akavuta mpaka vidole vikapoteza rangi. Bomba likabaki kavu.

Nesi alitazama sakafu. Kwenye kitabu cha binti, bomba kavu lilikuwa na maana kadhaa, na nyingi hazikuwa nzuri: uboho uliokufa, uboho uliogeuka makovu, uboho uliojazana saratani hadi hauvutiki.

"Labda kweli kimekauka," binti akasema taratibu. Macho yake yalikuwa yameanza kulowa juu ya barakoa.

Bi Vioo alishawaona madaktari wengi wakifika pale pa kukata tamaa. Wengine walikuwa wakitupa sindano kwenye trei na kuondoka. "Nisikilize," akasema. "Bomba kavu si jibu. Bomba kavu ni kukosa jibu. Mimi nilishaona mtu nyonga yake imetoa hewa, kifua kikatoa uboho wa kujaza kikombe. Mbwa ana mifupa mingapi hapa? Chagua mwingine."

Binti alivuta pumzi. Akatazama saa, akamtazama nesi.

"Mapigo mazuri," nesi akanong'ona. "Una dakika kumi."

Wakanyoa upya, safari hii mguu wa mbele, juu kabisa, pale mfupa unapokutana na bega. Pale nyama ni chache na mfupa uko karibu. Dawa mara tatu. Ganzi. Kikato. Binti akaushika mguu kwa mkono wa kushoto, sindano kwa kulia, akazungusha. Bi Vioo aliona mkono wa mwanawe ukibadilika: mara ya kwanza ulikuwa unasukuma, sasa ulikuwa unasikiliza. Sindano ikazama. Kijiti kikatoka. Bomba likafungwa.

Akavuta mara moja, kwa nguvu na haraka. Kitu kizito, chekundu kilichokolea, kikapanda ndani ya bomba.

"Basi, inatosha, usizidishe, utavuta damu! Lete!"

Bi Vioo alilinyakua. Tone kwenye kioo, akainamisha. Damu ikateremka, na juu yake, zimeng'ang'ania kioo, zikabaki punje ndogo ndogo zinazometameta chini ya taa.

"Vipunje!" akapiga kelele. "Vipunje, mwanangu! Umepata!"

Hapo ndipo mikono yake ilipokumbuka kila kitu. Kioo juu ya kioo, kandamiza kidogo, vuta, tenganisha. Kingine. Kingine. Nesi alisema baadaye kwamba hakuona vidole, aliona vioo tu vinaruka na kujipanga. Vingine vikapepewa vikauke, kilichobaki kwenye bomba kikaingia kwenye sahani ya dawa. Vioo kumi katika sekunde arobaini. Cha kumi na moja kikaganda mkononi, akakitupa bila majuto.

"Mama," binti akasema, akishona ule mkato kwa uzi mmoja, "hivi ndivyo ulivyokuwa kazini siku zote?"

"Kazini nilikuwa na haraka zaidi."

*

Rangi ndiyo iliyowatesa. Uboho ni mnene, unataka muda mara mbili ya damu ya kawaida, na Bi Vioo alikaa mbele ya sinki akitazama saa yake huku mguu ukitikisika. Alipaka kioo kimoja tu kwanza, ili kama rangi imekosewa asiharibu vyote. Akakisuuza. Kikatoka na zambarau nzuri, kama maji ya zabibu. Akakifuta mgongo, akakiweka chini ya hadubini, akaanza na lenzi ndogo.

Binti alisimama nyuma yake na kitabu kimefunguliwa kifuani. Fundi friji alikuwa ameambiwa asubiri nje, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu za kumfukuza mlangoni.

"Haijakauka," Bi Vioo akasema.

"Nini?"

"Kiwanda hakijakauka. Kimejaa! Umejaa uboho huu, mwanangu, umejaa hadi hakuna pa kupita. Na hizi hapa, hizi kubwa kama mashuka, si ndizo zinazokatika kuwa vigandisha damu?" Akacheka kwa sauti. "Ni zilezile! Nilidhani mbwa atakuwa na mambo yake mengine. Hata ukubwa wa chembe nyekundu ni kama wa zetu!"

"Niangalie?"

"Subiri."

Alidondosha tone la mafuta, akazungusha lenzi kubwa. Mabega yake, yaliyokuwa juu, yakashuka kidogo kidogo, na bintiye akaliona hilo.

"Mama, sema."

"Chembe changa ni nyingi." Sauti ilikuwa imebadilika. "Changa sana. Nyingi mno."

Wote wawili walijua maana yake. Uboho uliojaa chembe changa tupu, zisizokomaa, ndiyo sura yenyewe ya saratani ya damu. Fundi mlangoni hakuelewa maneno, ila nyuso alizielewa. Akavua kofia.

"Basi," binti akasema. "Basi tumejua."

"Hatujajua kitu," Bi Vioo akajibu bila kutoa jicho. "Kutupa jicho si kuhesabu. Hospitalini kulikuwa na kijana bingwa, alisoma kioo kwa kutupa jicho akamwandikia mtu kifo. Nikahesabu, mtu yule yuko hai mpaka leo. Kaa chini. Fungua ukurasa wenye hatua zote za chembe nyekundu, kuanzia changa hadi iliyokomaa. Nikitaja, wewe linganisha. Chembe mia tano."

Akaweka kihesabio kulia kwake. *Tiki.*

Walianza polepole, kwa sababu Bi Vioo alitaka kuona picha ya kila aina kwanza. Kisha wakashika mwendo. Yeye anataja, anabonyeza, anasogeza kioo. Binti anatazama kitabu, anasema ndiyo, au anasema ngoja, anachungulia, wanabishana, wanakubaliana. Nesi alileta chai ikapoa. Mia moja. Mia moja na tisini. Fundi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Kwenye mia mbili na thelathini Bi Vioo akasimama. "Ajabu."

"Nini tena?"

"Saratani ni kundi la wahuni wa rika moja. Wote wanafanana. Hawa hawafanani. Nina wachanga kabisa, nina wa pili, nina wa tatu, wamepanda ngazi vizuri, kila mmoja kwenye daraja lake. Halafu..." Akasogeza kioo. Akasogeza tena. "Halafu ngazi imekatika. Wale wa mwisho, wanaokaribia kutoka, hawapo. Wamekwenda wapi?"

Binti alifunga kitabu. Akakifungua tena, ukurasa mwingine. "Mama, tafuta chembe kubwa za kula uchafu. Walaji. Angalia tumboni mwao."

"Najua walaji wanavyokaa, usinifundishe." Lakini alikuwa ameshaanza kutafuta, pembeni mwa kipunje, pale wanapopenda kujibanza. Akapita sehemu moja, ya pili, ya tatu. Akageuza kirekebisho cha lenzi kwa ncha ya kidole.

Kisha akapiga meza kwa kiganja hadi chupa za rangi zikagongana.

"Nimemkamata! Nimemkamata mwizi! Huyu hapa, tumbo limejaa! Ana vitoto vitatu vyekundu ndani, vitatu vizima, bado hajavimeng'enya! Na huyu mwingine! Njoo, njoo uone mwenyewe!"

Binti alichungulia. Ndani ya duara la mwanga aliona chembe kubwa, ya kijivu, imelegea kama mtu aliyeshiba, na ndani yake viini vitatu vyeusi vya duara vya chembe changa zilizomezwa. Pembeni yake nyingine. Na nyingine.

"Mwili wake," akasema, na sauti ikapanda yenyewe, "mwili wake mwenyewe ndio unazila! Ni la tatu, Mama! Ni lile la tatu!"

"Lenye dawa?" fundi akauliza kutoka kwenye ndoo.

"Lenye dawa!"

Fundi alisimama, ndoo ikaanguka, akamkumbatia nesi kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Binti alikuwa analia na kucheka, mikono shingoni kwa mama yake, na mama anamsukuma.

"Niache, niache nimalize. Nimefika mia mbili na thelathini na nane."

Alizimaliza zote mia tano. Saratani haikuwepo. Akaandika ripoti kwa mkono, mistari kumi na moja, akatia sahihi kama alivyotia kwa miaka ishirini na tisa. Kisha akaisukuma ile karatasi mezani kuelekea kwa bintiye.

"Weka na yako, daktari," akasema. "Wewe ndiye uliyeutoa."

Binti akalisikia lile neno mara mbili masikioni mwake. Mama yake hakuwahi kumwita hivyo bila kuongeza paka.

*

Vidonge vya kutuliza kinga ya mwili vilianza jioni ileile, na hapo ndipo ilipokuja kazi ngumu kuliko zote, ya kungoja. Binti alimweleza fundi waziwazi: hii si dawa ya kesho. Uboho ukiachiwa nafasi leo, damu yake itaonekana baada ya wiki, pengine wiki nyingi. Bosi atakunywa maji sana, atakojoa sana, atakula hadi aaibishe, na bado atakuwa mnyonge.

Siku ya nane alikuwa vilevile. Siku ya kumi na mbili damu ilishuka tena, fizi zikarudi kuwa karatasi, na fundi alimbeba begani kama gunia hadi mlangoni. Dume la muuza nyama likaitwa tena. Safari hii Bi Vioo hakukubali damu iingie hivihivi. Alichanganya matone ya wawili hao kwenye kioo, akayatazama kwa hadubini kwa dakika tano kuona kama yanagombana. Hayakugombana. "Mpe," akasema.

Alikuwa anakuja kila siku ya tatu sasa, mwenyewe, bila kuitwa. Aliifukuza ile rafu iliyokuwa juu ya sinki, akahamisha hadubini ikae karibu na dirisha, akamgombeza nesi kwa kufuta lenzi na shati. Kila mara alichukua tone moja la damu kwenye sikio la Bosi, akalipaka rangi, akatafuta chembe changa za nyekundu, zile zenye rangi ya bluu kidogo kwa sababu ndiyo kwanza zimetoka. Kila mara aliandika sifuri.

Siku ya ishirini na tatu ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, chumba cha mbele kimejaa paka kwenye vikapu. Bi Vioo aliinama, akatazama, akanyanyua kichwa. Akavua miwani, akaifuta, akainama tena.

"Fundi!" akaita. "Njoo hapa. Funga mlango."

Fundi alikaa kwenye stuli kwa woga, akaweka jicho.

"Naona nyasi."

"Hizo kope zako. Rudi nyuma kidogo. Usifumbe jicho la pili."

"Naona... naona duara. Nyekundu, nyingi."

"Hizo nyingi ni za lile dume la muuza nyama, na za zamani. Sasa fuata kisindano cheusi humo ndani ya lenzi kinapoelekeza. Unaiona kubwa kuliko wenzake, ya bluu bluu?"

Mgongo wa ovaroli ukapanda na kushuka.

"Ile haikutoka kwa dume," Bi Vioo akasema. "Hiyo ameitengeneza yeye. Ina siku moja, haizidi mbili. Kuna nyingine kushoto."

"Naiona. Na ile pale juu?"

"Na ile pale juu."

Binti alikuwa ameingia na bomba la sindano mkononi, amemsahau paka mezani kwa nesi. Alisimama nyuma ya mama yake bila kuuliza. Uso wa mama ulitosha.

Simu ya fundi ikaita mfukoni. Akaipokea bila kutoa jicho kwenye hadubini. Mteja alikuwa anafoka, sauti inasikika chumba kizima, nyama zake zinayeyuka, ameahidiwa saa tatu.

"Samahani sana, mzee," fundi akasema. "Siwezi kuja asubuhi hii. Niko hospitali, Bosi wangu amejifungua."

Mteja akashusha sauti, akauliza kwa upole, wangapi?

Fundi akaanza kuhesabu kwa kidole hewani, midomo inacheza. "Mpaka sasa kumi na moja," akasema, "na mama bado anaendelea kusogeza kioo."